Fremu Imeng'olewa Tena

Siku Mama alipoondoka, kochi lilikwama mlangoni.

Simulizi hii naianzia hapo kila wiki, kwa sababu kila wiki yupo anayeanza kusoma leo. Mama alifariki asubuhi, nyumbani kwetu Newala, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto. Majirani wakaja kutoa vitu sebuleni ili watu wapate pa kutandika mikeka, kama inavyofanyika kwenye kila msiba. Meza ikatoka. Kabati likatoka. Kochi likagoma. Fundi alilijengea mle mle ndani, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba siku moja litatakiwa kutoka.

Wanaume sita wakalisukuma. Likaingia nusu mlangoni, likabaki. Waliokuwa ndani wakawa wa ndani, waliokuwa nje wakawa wa nje. Katekista aliingizwa kwa dirishani, miguu ikitangulia. Mwisho jirani yetu Dauda akaleta mtaimbo, wakang'oa fremu nzima ya mlango.

Nililia na kucheka kwa pamoja, na tangu siku ile sijui vizuri kipi kinaanza.

Kochi lile Mama alilinunua kwa korosho za mikorosho yake mwenyewe. Akalivika vitambaa vyeupe alivyofuma kwa mkono, akatoa amri: linakaliwa na wageni tu. "Utachafua vitambaa, Baba Brigita," alimwambia Baba, na Baba akakaa mkekani miaka yote. Mama alipokufa tulidhani amri imekwisha. Baba akaendelea kukaa mkekani, kando ya kochi tupu. Hacheki. Ukimsemesha anaitikia kwa kichwa.

Na mimi, Brigita, mtoto wake wa kwanza, siwezi kuitikia hodi. Mama alikuwa na "karibu" yake ndefu, iliyosikika hadi barabarani. Mgeni akipiga hodi sasa, mimi hutoka nje nikamfuata huko huko. Nikijaribu kusema neno lile, koo linafunga.

Wiki iliyopita niliishia pale mdogo wangu Pancras alipomwomba Baba sebule.

Pancras anasoma Dar es Salaam. Wanajifunza kupanga vyumba, kubuni samani, na kubuni vitu vidogo vya kutumia nyumbani. Kazi yake ya mwisho inataka vyote vitatu: chumba, viti, na kitu kimoja cha kila siku, kwa ajili ya mtu wa kweli. Akamchagua Baba. Akasema wazo lilimjia alipokuwa anasukuma kochi siku ile, bega likiwa limechubuka: sebule ambayo msiba ukija, au ngoma ikija, hakuna haja ya kung'oa mlango.

Baba alimjibu, "Fanya. Mkeka wangu usiuguse."

Lakini chuo kina sharti. Mwalimu anakuja mwenyewe, na lazima amkute mwenye sebule amekaa kwenye kiti alichotengenezewa. Asipomkuta amekaa, kazi haijakubaliwa na mwenyewe, na kijana ameanguka. Pancras alikwisha kurudia mwaka mmoja. Hakuna kurudia mara ya pili.

Kwa hiyo mambo yote yalikuwa juu ya makalio ya Baba.

*

Siku ya mwalimu kuja, nilishuka Masasi kufanya mawili: kumpokea stendi, na kuchukua kiti cha Baba kwa fundi Khalidi.

Pancras alinipigia nikiwa njiani. "Dada, tumeshatoa vitu vyote nje. Kochi tumeling'olea fremu tena. Nabakiza kupaka vanishi."

"Majirani wamekusaidia?"

"Dauda alinipa mtaimbo bila kuuliza wa nini, akaenda shamba; kochi nimelitoa na vibarua waliokuwa wakipita. Lakini nimewaambia watu wote leo waje kwetu. Simu inazima, umeme hakuna huku."

Ikazima.

Kwa fundi Khalidi nikakuta sanduku. Refu, limepigwa randa vizuri, limefungwa misumari pande zote.

"Fundi, kiti kiko wapi?"

"Kimo. Kina mahali pa kunyooshea miguu, ndiyo maana ya urefu. Ukipanda nacho hivi hivi utafika na kuni."

"Mbona sanduku lenyewe liko hivi?"

"Liko vipi?"

"Hivi."

Akaliangalia kama ndiyo kwanza analiona. Nyuma yake, chini ya turubai, yalikuwepo mengine mawili yanayofanana nalo, ila hayo yalikuwa na misalaba.

"Dada yangu," akasema, "wiki nzima mkono umekuwa kwenye hayo. Mkono ukizoea umezoea."

Mwalimu Sia alishuka kwenye basi amevaa gauni jeusi, viatu vyeusi na skafu nyeusi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikampa pole ya msiba. Akanishangaa. Kumbe walimu wa usanifu ndivyo wanavyovaa. Ni mtu wa Kilimanjaro, mpole, anashika kila kitu anachopita: ukuta, kitasa, mkono wa kiti.

Mrisho, dereva wetu, alikuwa na kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo. Sanduku halikuenea. Likachomoza nyuma karibu nusu. Mrisho akafunga kitambaa chekundu kwenye ncha, ili magari ya nyuma yaone. Mwalimu Sia akaogopa vumbi kwa ajili ya vanishi, akatoa shuka lake jeupe kwenye begi, tukafunika. Mrisho akawasha taa, kwa sababu ya vumbi hilo hilo, akaenda polepole kwa ajili ya kiti.

Nataka mjue kwamba kila tulichofanya kilikuwa na sababu yake.

Tulipoanza kupanda kuelekea Newala, bodaboda wa mbele yetu akasogea pembeni, akazima pikipiki, akavua kofia. Wanawake waliotoka kuchota maji wakatua ndoo, wakasimama. Mzee mmoja akashuka kwenye baiskeli akainamisha kichwa.

"Watu wa huku wana adabu sana," alisema Mwalimu Sia.

"Tumelelewa, mwalimu," alisema Mrisho, akapunguza mwendo zaidi.

*

Nikaona moshi kwanza.

Masufuria makubwa matatu yalikuwa jikoni pa nje. Halafu nikaona watu. Wanaume kwenye magogo, wameshika tama. Wanawake wenye kanga kichwani, mmoja anapepeta unga wa makopa ya muhogo. Kochi la Mama lilikuwa uani. Na fremu ya mlango imeegemezwa ukutani, kama siku ile.

Mtaa mzima unajua jambo moja kuhusu nyumba yetu: fremu ikitoka, kuna mtu amekufa.

Nami ni wa mtaa ule. Nikajua Baba amekufa.

Sikumbuki niliruka vipi. Nakumbuka kwamba nilipopiga yowe, yakanijibu mayowe mengine thelathini, na Bibi Kibibi, jirani na rafiki wa Mama, akanidaka kiunoni.

"Jikaze, mwanangu. Jikaze."

"Yuko wapi?"

"Usiulize hivyo."

"Bibi, yuko wapi?"

Akanitazama kwa huruma, akaelekeza kidole kwenye kirikuu. "Si ndiye huyo umekuja naye?"

Nikageuka. Wanaume walikuwa wameshalifikia sanduku. Dauda mbele, wengine nyuma, wamelitia begani.

"Mbona mwepesi?" nilimsikia mmoja.

"Ugonjwa huo. Unamaliza mwili."

"Nani mwenyewe?"

"Beba, wewe. Utaambiwa."

Nilitaka kusema, lakini kilio kilikuwa kinatoka chenyewe na maneno hayakupata njia. Mwalimu Sia naye alikuwa analia. Mtu alikwisha kumfunga kanga. Akanishika mkono, "Pole sana Brigita. Mwambie Pancras tutaahirisha." Alidhani mwenye sebule amefariki. Mrisho alikuwa amekaa chini kwenye gurudumu, anajifuta macho kwa tambara la oili.

Ndipo Pancras akatokea mlangoni.

Macho yake yalikuwa mekundu, yanatiririka. Lakini alikuwa anatabasamu.

"Dada, umewaona walivyokuja wengi?" akaninong'oneza. "Tangu asubuhi. Wanakaa kimya wanaangalia. Sikujua watu wa huku wanapenda kazi ya namna hii."

"Pancras, unalia nini?"

"Tina ya kuyeyushia vanishi. Inawasha kama pilipili."

"Baba yuko wapi?"

"Ndani. Mkekani. Yuko wapi pengine?"

Nikakaa palepale, kwenye kochi la Mama, na hakuna aliyenikataza.

*

Msiba wetu una adabu yake, na adabu hiyo ndiyo iliyotufikisha hapo. Ukifika penye msiba huulizi nani amekufa. Unaingia, unatoa pole, unakaa. Utasikia. Aliyefika wa kwanza aliona fremu ukutani na Pancras anatokwa machozi. Akampa Baba pole. Baba, kwa kuwa Mama alikuwa anakaribia kutimiza mwaka tangu afariki, akadhani pole ni ya Mama, akaitikia, "Ahsante, nimeshapoa." Wa pili akamkuta wa kwanza. Wa tatu akawakuta wawili. Kila mtu alidhani mwenzake anajua.

Na Baba alikuwa anaongea. Hilo Dauda alinisimulia baadaye. Asubuhi nzima amewaeleza habari za Mama: alivyokuwa akibishana na karani wa mizani ya korosho, alivyokuwa akiimba vibaya kanisani kwa makusudi ili kwaya ipunguze madaha. Waombolezaji walitikisa vichwa tu. Walidhani fikra zimemruka kwa uchungu.

Nilipojikokota hadi ndani, sanduku lilikuwa katikati ya sebule. Watu wamelizunguka. Baba ameketi mbele yake, mkekani, mikono juu ya magoti.

Akaniangalia. Akamwangalia Pancras. Akajigusa kifua mwenyewe.

Halafu akauliza swali ambalo nyumba nzima ilikuwa imelimeza tangu asubuhi.

"Nani humu?"

Hata kuku waliokuwa uani niliwasikia.

"Baba Brigita," alisema Bibi Kibibi, taratibu, "hata sisi tunasubiri kuambiwa."

"Niwaambie mimi? Ninyi ndio mmekuja kunipa pole."

"Tumekuja kwa sababu fremu imetoka."

"Fremu ameing'oa huyu mtoto."

Watu wote wakamgeukia Pancras. Akameza mate.

"Ni kiti, Baba," akasema. "Kimo kiti chako."

Dauda, ambaye jasho lilikuwa bado linamtoka, akajishika bega. "Nimelilia kiti?"

"Mimi nimefunga genge langu," alisema mama mmoja.

"Mimi nimetwanga makopa tangu asubuhi kwa ajili ya kiti," alisema Bibi Kibibi. "Tena na wimbo nimeanzisha."

Kitu kikasikika upande wa mkekani. Mmewahi kusikia bomba lililokaa miezi bila maji, siku maji yanaporudi? Kwanza hewa. Kisha mkoromo. Kisha linatapika lenyewe. Ndivyo Baba alivyocheka. Alicheka mpaka kofia ikadondoka, akalala ubavu, akawa anapiga sanduku kwa kiganja, "Ugonjwa umemaliza mwili! Mmesema ugonjwa umemaliza mwili!"

Sebule yote ikaangua kicheko. Mwalimu Sia alicheka hadi akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya ndoo ya maji.

Akaacha kucheka. Akainuka, akaitazama ndoo. Kifuniko chake kilikuwa cha mbao, kimebonyea kidogo katikati.

"Hii umeibuni wewe?"

"Ndiyo, mwalimu," alisema Pancras. "Maji hapa kwetu ni ya kulinda. Ukikaa juu ya ndoo, hakuna anayechota bila wewe kujua."

Mwalimu akatoa kalamu.

Akatazama ukuta. Vikapu, kanga na mkoba wa mtu vilikuwa vimetundikwa juu ya vitu bapa vya mbao vilivyopangwa kuzunguka chumba. "Na hivi?"

"Ni viti, mwalimu."

"Hivi ni viti?" alishangaa Bibi Kibibi. "Nimetundika kikapu cha mbaazi kwenye kiti?"

Pancras akakitoa kikapu, akateremsha kimoja, akakikunjua. Kikawa kiti. Akateremsha kingine. Wazee wakakalia. Akavirudisha vyote ukutani, na chumba kikawa kitupu tena, mikeka mahali pake. Hakuna aliyebeba kitu mlangoni. Watu waliotoka kulia wakaanza kugombania kujaribu, na Dauda alikunjua na kukunja mpaka akabanwa kidole.

Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa na uso wa siku ile ya kochi, lakini umegeuzwa upande wa jua.

Bado kiti kimoja.

Wakafungua sanduku. Kiti cha mninga, kipana, mgongo umelala kidogo, mikono yake inatosha kikombe. Hiki hakikunjwi. Pancras alikiweka kando ya mkeka, mahali kochi lilipokuwa.

"Mzee," alisema Mwalimu Sia, kalamu tayari, "karibu ukae nikuone. Tukimaliza hilo, tumemaliza."

Baba akafuta machozi ya kicheko. Akakiangalia kiti muda.

"Kizuri," akasema. "Lakini sitakaa, mwalimu. Sebule hii ina mwenyewe."

"Mwenyewe si wewe?"

"Ni Mama Brigita. Alisema viti ni vya wageni."

"Baba," alisema Pancras.

"Nimesikia, mwanangu. Kazi yako nimeipenda. Mimi na mama yako tulibishana mengi, lakini hili tulielewana. Nisije nikalivunja kwa sababu hayupo kuniona."

Hakulisema kwa ukali. Ingekuwa ukali tungebishana.

Mwalimu Sia aliinamisha kichwa. "Mzee, nakuheshimu. Ila lazima niandike nilichokiona, na kesho asubuhi naondoka."

Pancras akakaa juu ya ndoo yake.

Bibi Kibibi akainuka, akatoka. Kwake ni hatua chache. Aliporudi alikuwa na kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono. Kimoja cha vile vya Mama. Alipewa siku tulipogawa nguo. Akakitandaza mgongoni mwa kile kiti, akanyoosha ncha zake kwa kidole.

Nikaona ametumaliza. Baba alipokiona kitambaa, alivuta miguu, akasogeza mkeka mbali zaidi.

"Baba Brigita," alisema Bibi Kibibi. "Kwenye kochi alikuwa anakaa nani?"

"Wageni."

"Mgeni anaingiaje?"

"Anapiga hodi."

"Basi toka nje."

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alikuwa anafikiri, na nilimwona wazo linavyomwingia, polepole, kama mtu anayepimiwa kanzu. Akaokota kofia. Akauviringisha mkeka wake, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu Mama aondoke, akauegemeza pembeni. Akavaa ndala.

Alipopita mahali pa fremu nilimsikia Mrisho akimwuliza, "Mzee, unaenda wapi tena?"

"Naenda nyumbani kwangu," Baba akajibu.

Mwalimu Sia alishika kalamu juu ya karatasi.

"Hodi."

Sauti yake ilikuwa ya mgeni kweli. Ya mtu asiyejua kama mwenye nyumba yupo.

Bibi Kibibi alifungua kinywa kuitikia. Akakifunga.

"Siyo kwangu hapa," alisema. Akanigeukia mimi. Na watu wote wa ule msiba usiokuwa na maiti wakanigeukia, Pancras akiwa wa mwisho, macho yake mekundu ya tina na safari hii siyo ya tina tu.

Nikafungua kinywa. "Karibu" ya Mama haikutoka.

Niliziona kanda za ndala za Baba, mlangoni, zinangoja. Nikajaribu tena. Ikatoka hewa.

"Hodi," alisema Baba.

Kwetu hodi hupigwa mara tatu. Ya tatu isipoitikiwa, mgeni hugeuka akarudi alikotoka. Ile ilikuwa ya pili.